Sabuni ya Bobi

Mektilda alimfunga Bobi kwenye nguzo ya banda la kuku, akamziba masikio kwa pamba kama bwana mifugo alivyoagiza, kisha akasubiri kukabidhiwa sabuni. Kila baada ya wiki sita bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, akamtumbukiza mbwa kwenye pipa la dawa ya josho, akamkata kucha na kumtoa kupe. Kati ya ziara hizo, kila Jumamosi, kumwogesha Bobi ilikuwa kazi ya Mektilda.

Mama Domina, mke wa meneja wa ghala, alitoka na kipande kikubwa kama kiberiti.

"Kiishe chote kwa mbwa. Nitamnusa."

Na kweli alikuwa akimnusa. Babati nzima haikuwa imeona sabuni dukani tangu kabla ya Pasaka. Watu walifua kwa majani ya mpapai na kuambiana kwamba yanatosha. Mwaka ule wa msako wa walanguzi, mwenye miche mitatu ya sabuni ndani hakupata usingizi, na Mama Domina alikuwa na katoni nzima chini ya kitanda. Ndiyo maana Bobi aliogea uani, mlango umetiwa komeo.

Kesho yake Kandida, binti wa Mektilda, angepokea Komunyo ya Kwanza. Gauni jeupe la kuazima lilikuwa limetoka kwa binamu yake wa Nakwa, na pindoni lilikuwa na tope lililoshika tangu mwaka jana. Majani ya mpapai hutoa uchafu, sikatai, lakini kitambaa cheupe hukiachia ukijani. Mbwa wa kahawia hana hasara na ukijani.

Mama Domina alipoingia ndani, Mektilda alitoa majani aliyoyaponda alfajiri nyumbani kwake, akamsugua Bobi mgongo, tumbo na mkia. Sabuni aliipaka nyuma ya masikio na shingoni tu, pale pua ya Mama Domina ilipozoea kufika. Sehemu iliyobaki, kubwa kama dole gumba, aliikunja ndani ya kilemba chake. Hakuwahi kuiba hata chumvi katika nyumba ile.

Mama Domina aliinama, akanusa.

"Mbona mgongoni hanuki?"

"Nimemsuuza sana, mama. Bwana mifugo alisema sabuni ikibaki anajikuna."

Mama Domina alimtazama. Akapekua kikapu, akapapasa mafundo ya khanga yake, kisha akamfungulia mlango bila kuaga.

Kwenye njia ya kwenda kwake Maisaka alisimama Anselimu, mgambo. Walisali kanisa moja, na binti yake Monika alisoma mafundisho pamoja na Kandida.

"Shikamoo, Baba Monika."

"Marahaba. Hebu lete mikono."

Akainusa kiganja kwa kiganja.

"Unanuka sabuni. Fungua kilemba."

Kipande kilidondoka vumbini. Anselimu akakiokota na kukipuliza.

"Stakabadhi yako iko wapi? Umenunua kwa nani?"

"Baba Monika, kesho watoto wetu wanapokea, wako na wangu. Ni cha kufulia gauni tu."

"Sheria haijui Komunyo, Mama Kandida. Mlanguzi nani? Ukikaa kimya, mlanguzi ni wewe."

Mektilda aliona mambo yote mawili kwa pamoja. Akisema, kazi imekwenda. Asiposema, kesho Kandida atakwenda altareni wakati mama yake yuko mahabusu. Akasema.

Wakarudi. Mama Domina alifungua mlango nusu.

"Sabuni? Kwetu? Sisi wenyewe tunafulia majani ya mpapai! Huyu ameiba kwingine, anataka kunitia matatani."

Bobi akachomoka kati ya miguu ya Mama Domina, akaja kumrukia Mektilda.

"Afande," Mektilda alisema, "mnuse mbwa. Nyuma ya masikio."

Anselimu alivua kofia. Akapiga goti, akalishika sikio la Bobi, akavuta pumzi. Akavuta tena. Aliposimama hakumtazama Mektilda.

"Karibu ndani, Baba Monika," alisema Mama Domina kwa upole. "Mambo haya hayazungumzwi mlangoni."

Mektilda alibaki nje na Bobi, ambaye alimlamba vidole muda wote. Waliosema mkono mtupu haulambwi hawakumjua mbwa yule. Wanadamu waliwajua vizuri.

Anselimu alitoka na koti limefungwa vifungo hadi kooni, jua likiwa kali.

"Shauri limekwisha. Nenda nyumbani."

"Na kipande changu?"

"Hicho ni kidhibiti."

"Kidhibiti cha nini, kama shauri limekwisha?"

Aliyejibu alikuwa Mama Domina, kutoka dirishani.

"Jumatatu usije."

Jioni ile Mektilda alifua kwa majani ya mpapai. Alisugua pindo mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Tope lilitoka. Ukijani haukutoka.

Jumapili watoto walipanga mstari mbele ya kanisa. Mektilda aliona uchungu wake ukipungua kidogo, kwa sababu wasichana karibu wote walivaa ukijani kama wa Kandida. Weupe ulikuwa kwa wawili tu. Mmoja alikuwa Domina, na hilo halikumshangaza mtu. Wa pili alikuwa Monika, gauni limetakata kuanzia kola hadi pindo, na akina mama walikuwa wakimsifu Anselimu kwa binti aliyetunzwa.

"Mmefulia nini, jamani?" aliuliza mmoja.

"Majani ya mpapai," Anselimu alijibu. "Siri ni kusugua."

Monika alimjia Mektilda kwa adabu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Kandida."

Mektilda akaweka mkono juu ya kichwa chake, akainama polepole mbele ya watu wote, Anselimu akimtazama. Akamnusa mtoto nyuma ya sikio.

"Marahaba, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Unanukia kama Bobi."