Lumbesa za Ubaruku

Ta-ta-ta-ta. Teleprinta ilianza kugonga nyuma ya mlango, nami nimelaza kichwa mezani. Macho yalikataa kufunguka. Desemba hiyo ya 1978, malori ya kubeba mchele wa askari waliokuwa vitani Kagera yalikuwa yakikusanyika Ipogolo kwa siku ya tatu, na hapa Iringa ofisi yetu pekee ndiyo iliyopata majibu ya kompyuta ya Dar es Salaam. Mimi ndiye niliyeipelekea hesabu. Nilijivuna kwa hilo hadi wenzangu wakaniita Bwana Kompyuta.

Meja Kalinga aliichana karatasi kutoka kwenye mashine, akaisoma amesimama. Malori kumi na manne, gunia sabini kila moja kama yalivyokwisha kupakiwa, yaondoke saa nane mchana, yashuke mteremko wa Kitonga kabla ya giza. Alikuwa amechoka kuamua. Akachukua kalamu atie saini.

Mzee Muhidini, dereva wa lori la mbele, mtu wa Mbeya, akaingia kofia mkononi. Alisema springi za gari lake zimelala kabisa, na Kitonga haishukwi hivyo. Meja akamjibu kwamba hesabu imepigwa na kompyuta.

"Sawa, afande. Ila hiyo kompyuta imewahi kushuka Kitonga?"

Askari wa mlangoni akacheka. Mimi sikucheka. Fomu niliyoijazia kompyuta ilitaka uzito wa gunia, nami niliandika kilo mia bila kunyanyuka kitini. Mchele ulitoka Ubaruku, mkoani Mbeya. Kule gunia likijaa hushonewa juu kilemba cha kipande cha gunia jingine, kisha huendelea kujazwa. Nimezaliwa Mbeya, lumbesa hizo nimezibeba mgongoni.

Ningeweza kunyamaza. Breki zikishindwa, lawama ingemwangukia dereva, na marehemu hajitetei.

"Afande, kompyuta haijakosea," nikasema. "Mimi ndiye niliyeidanganya. Sikupima."

Tulipandisha gunia moja kwenye mizani ya ghala. Kilo mia na ishirini na nane. Meja aliisoma sindano, akakaa juu ya gunia jingine kama mtu aliyefika nyumbani kutoka safari ndefu. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Nilipiga hesabu upya, naye akaagiza magunia kumi na sita yashushwe kutoka kila lori, akasema makao makuu watapelekewa jina langu. Halafu akamuuliza Muhidini kama sasa ataondoka.

Mzee alinitazama mimi.

"Hiyo kumi na sita nayo kaipiga huyuhuyu?"

Nikachukua koti langu.

"Nimeipiga mimi, baba. Nami nitakaa ubavuni pako kwenye lori la mbele, hadi tufike chini ya Kitonga."