Kichaka cha Mzee Evarist

Yunis aliuza miche kando ya barabara ya kwenda Kivukoni, nje kidogo ya mji wa Ifakara. Alikuwa na michungwa, mipapai, na maua ya rangi mbalimbali yaliyopangwa kwenye viriba vyeusi chini ya kivuli cha makuti. Kiwanja chenyewe hakikuwa chake. Bibi Serafina, mjane wa Kipogoro aliyeishi nyumba ya pili, ndiye aliyempa kipande kile bure, Yunis na mumewe Seni walipofika na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakati watu wengi bondeni wakiwatazama wafugaji kama nzige. Tena alijifunza hata salamu yao. Kila asubuhi akipita kwenda kanisani humwita, "Mwangaluka, mama Festo!" kwa matamshi yaliyomfanya Yunis acheke mpaka aweke chini jembe lake.

Kitu kimoja tu Bibi Serafina aliwahi kumnyima.

Kilikuwa kichaka kilichoota juu ya kaburi la mumewe, Mzee Evarist. Mzee huyo alikuwa mfanyakazi wa reli, na katika safari zake alikitoa upande wa Makambako kikiwa kijiti tu, akakileta Ifakara kimeviringishwa kwenye gazeti. Alipofariki, mkewe alikihamishia makaburini. Majani yake yalikuwa ya kijivu, yenye manyoya laini kama sikio la ndama. Maua yalikuwa ya njano, makavu tangu yangali hai. Ukiyashika yanachakarika kama karatasi, na ukiyakata ukayatundika ukutani, mwaka unapita rangi iko vilevile. Kiangazi, nyasi zote za makaburini zikiwa zimeungua, kichaka kile ndipo kilipozidi kuchanua.

Yunis alikiona mara ya kwanza kwenye mazishi ya jirani. Kesho yake akaomba kijiti kimoja cha kupanda.

"Kile ni cha Evarist, mama Festo," Bibi Serafina alimjibu kwa upole. "Sina vitu vyake vingi. Kiache kiwe chake peke yake."

"Sawa, bibi," Yunis alisema, na moyoni mwake kweli aliona ni sawa.

Mwezi wa nane, mwanamke mmoja aitwaye Eliza, mpambaji wa kumbi za harusi kutoka Morogoro, alisimamisha gari lake akanunua maua. Akamwonyesha Yunis picha kwenye simu: vishada vya maua makavu mezani kwa maharusi. "Ungekuwa na maua ya namna hii," alisema, "ningechukua yote utakayootesha. Siku hizi kila bibi harusi anayataka."

Yunis aliitazama picha ile, akaona kaburi la Mzee Evarist.

Alikwenda mchana, jua likiwa limewafungia watu ndani, kisu kikiwa kwenye pindo la kanga. Alikata machipukizi machache tu, upande wa nyuma usioonekana kutoka njiani. Nyumbani akayapanda kama alivyopanda kila kitu: udongo mweusi, maji asubuhi na jioni, nailoni juu. Wiki haikuisha yakawa meusi shinani na kuteleza kama bamia iliyooza. Yunis alijilaumu. Mmea wa nchi kavu unaunyweshaje kama mpunga? Yeye mwenyewe alizaliwa Meatu, alikua akiona vichaka vinavyoishi kwa umande. Alipaswa kujua.

Akarudi makaburini, akakata vijiti vingine. Safari hii alipanda kwenye mchanga mtupu wa mtoni, akanyonyoa majani ya chini, akanyunyiza maji kwa ncha za vidole tu, kisha akaviacha. Vikashika. Siku alipovuta kimoja polepole akahisi mzizi unamkatalia, alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Akampigia Eliza, na Eliza akasema anataka vingi zaidi, vingi kabisa.

Mara ya tatu Yunis hakuchagua upande wa nyuma. Alikata mbele, akakata juu, akakata mpaka kwenye mti mkavu wa chini usio na hata jani moja. Njiani kurudi, mikono ikinuka utomvu, alijua amefanya nini. Mti wa aina ile ukikatwa mpaka hapo hauchipui.

Siku chache baadaye Bibi Serafina alifika kitaluni bila salamu ya Kisukuma.

"Mama Festo, mbuzi wamekila kichaka cha Evarist. Wamekimaliza! Kimebaki vijiti." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilitaka kiwe kimechanua Siku ya Marehemu. Wewe ndiye mtu wa maua. Nifanyeje? Nikimwagilie?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Yunis. Usikimwagilie, bibi. Kikiwa na bahati ya kuishi, maji ndiyo yatakayokiua. Lakini angeulizwa amejuaje, yeye ambaye hajawahi kuwa na mmea kama ule.

"Mwagilia, bibi," alisema. "Kidogo kidogo."

Tangu siku hiyo, kila jioni alimwona Bibi Serafina akipita na ndoo kichwani, shingo imenyooka, mkono mmoja kiunoni kwa sababu ya goti lake bovu. Hakumwagilia kidogo kidogo. Mtu anayependa hamwagilii kidogo. Yunis akawa anajitia kazi nyuma ya kitalu saa hizo, na huko nyuma ndiko ilikokuwa ile miche, imefichwa kwa mkeka mkuukuu, kila siku imenenepa kidogo. Alitamani ife. Haikufa.

Goti likazidi. Jioni moja Bibi Serafina alisimama mbele ya kitalu akihema, ndoo iko chini. "Nisaidie, mwanangu. Leo siwezi kufika."

Yunis aliibeba. Makaburini bibi alikaa kwenye ukingo wa saruji wa kaburi la jirani, akanyoosha mguu, akaanza kuongea na mumewe kama anavyoongea mtu na mwenziwe jikoni. "Evarist, leo sikuja peke yangu. Mama Festo ndiye aliyekubebea maji. Tazama majirani nilio nao."

Bibi alikuwa anamtazama. Yunis hakuwa na mahali pengine pa kuyamwaga maji yale. Akayamwaga shinani, ndoo nzima, akiona mchanga unavyoyameza na kuyarudisha juu, maana ulikuwa umeshiba siku nyingi. Harufu ya kuoza ikampanda puani.

Usiku ule hakula. Seni alimuuliza kama anaumwa, akasema ndiyo.

Jumamosi Seni alirudi kutoka mnadani uso umekunjamana. "Watu wanasema mbuzi wetu wamekula kaburi la Mzee Evarist," alisema. "Kaburi, mama Festo! Sijui kama ni wetu, lakini tulikuwa tunawalisha upande ule. Kesho nitachukua yule beberu mweupe nimpelekee bibi, nimwombe radhi. Walipoingia ng'ombe wetu kwenye mpunga wa watu kule Kiberege nilikwenda mwenyewe kabla sijaitwa. Hili nalo nitakwenda."

"Usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Baba Festo, si mbuzi." Akamshika mkono, akamwongoza nyuma ya kitalu, akafunua mkeka.

Seni aliitazama ile miche kwa muda mrefu. Majani ya kijivu, vichwa vya maua vya kwanza vikiwa vimeanza kufumbuka. Hakumgombeza, na Yunis alitamani amgombeze.

"Bibi anajua?"

"Hajui. Ananiombea kwa Mungu."

"Mimi siendi tena," Seni alisema. "Nikienda nitaomba radhi kwa niaba ya mbuzi, na mbuzi hawajakosa."

Asubuhi Yunis alichagua mche uliopendeza kuliko yote, akaubeba mpaka uwanjani kwa Bibi Serafina. Bibi alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai, akiugeuza kwa miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mapema? Maji ni jio..." Akaona kilichokuwa mikononi mwa Yunis. Alivuka turubai akikanyaga mpunga wake mwenyewe, akagusa majani kwa kidole, akagusa kichwa cha ua. "Umekipata wapi? Mama Festo, umekipata wapi? Jamani! Ni chenyewe!" Macho yakamjaa machozi. "Mungu akulipe. Umekwenda mpaka Makambako kwa ajili yangu?"

Uongo ulikuwa umeshatengenezwa, umewekwa mbele yake tayari. Angeitikia kwa kichwa tu.

"Sikwenda kokote, bibi," Yunis alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Nilikata kwenye kaburi. Ni mimi. Si mbuzi."

Bibi Serafina aliuondoa mkono wake kwenye ua.

"Nilikata mara tatu. Nilitaka kuuza. Mara ya mwisho nilikata mpaka chini, na nilijua."

"Na maji?" bibi aliuliza. "Maji yamekisaidia?"

"Maji ndiyo yaliyokimaliza. Hakipendi maji."

"Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza, bibi."

"Kukata, ungekata. Mtu akizidiwa na tamaa anakata, anakimbia. Lakini nilikuja kwako nikakuuliza, ukaniambia nimwagilie. Ukanitazama napita na goti langu hili. Nikakaa pale nikamwambia Evarist wewe ni mtu mwema. Sasa nitamwambia nini?"

Yunis akamnyooshea ule mche.

"Nenda. Na hicho nenda nacho."

Akamgeuzia mgongo, akarudi kwenye mpunga wake, akaendelea kuugeuza kwa miguu, taratibu, kama vile hakuna mtu uwanjani.

Yunis alianza kuhamisha viriba siku hiyohiyo. Aliona hana haki tena ya kukaa kwenye kiwanja cha mtu ambaye yeye alimtendea vile. Alikuwa amepakia toroli la pili Bibi Serafina alipotokea, akiegemea fimbo.

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna, bibi."

"Basi rudisha. Usinifanye mimi ndiye mtu mbaya." Akatazama huku na huku. "Viko wapi?"

Yunis alimpeleka nyuma. Bibi alipita kati ya ile miche akiinama, akachagua mmoja mdogo uliopinda kidogo, usio na ua hata moja. Yunis akataka kusema upo ulio bora, akajizuia. Akamweleza yote aliyojua: kuinua tuta, kuchanganya mchanga na kokoto, kutokata chini ya majani. Maji asimwagilie kabisa.

"Nisikimwagilie hata kikisinyaa?"

"Hata kikisinyaa."

"Na hivi vingine?"

"Ni vyako."

"Si vyangu," bibi alisema. "Vyangu vilikuwa kule." Akaondoka na mche wake, na Yunis hakuthubutu kumfuata kumshikia.

Eliza alipopiga simu, Yunis alimwambia hana maua ya kumuuzia. Eliza akasema si ulisema yameshika? Yunis akasema yameshika, ila si yake ya kuuza, na Eliza akakata simu kwa hasira. Siku ya Marehemu Yunis alimwona Bibi Serafina kwa mbali, na jembe dogo, amepiga magoti kaburini pamoja na wajukuu. Alitamani kwenda. Hakwenda. Asubuhi bibi aliendelea kupita kwenda kanisani, na akisalimiwa aliitikia "Marahaba," akapita.

Kisha mvua zikaanza, zile mvua za bondeni zinazokuja zikishuka kutoka milima ya Udzungwa na kugeuza njia zote kuwa tope. Siku ya pili ya mvua, manyunyu yangali yanadondoka, Bibi Serafina alisimama mbele ya kitalu amejifunika kipande cha nailoni.

"Maji yamesimama pale kaburini," alisema. "Kitaoza?"

"Kitaoza, bibi."

"Basi njoo."

Yunis alijaza karai mchanga, akamfuata. Walichimba mfereji mdogo kuyatoa maji, Yunis akitumia jembe na bibi akifukua kwa mikono, bila kusemezana. Mche ulikuwa hai. Kileleni palikuwa na majani mawili mapya, ya kijivu, yenye matone juu ya manyoya. Yunis aliushikilia shina wakati bibi akipandisha mchanga kuuzunguka.

"Bado nina hasira na wewe," Bibi Serafina alisema bila kuinua uso.

"Najua, bibi."

"Sijui itaisha lini."

"Najua."

Bibi alishindilia mchanga kwa viganja, akapangusa tope kwenye saruji palipoandikwa jina la mumewe.

"Mchanga huu hautoshi," alisema. "Kalete mwingine."

Yunis akalichukua karai, akaondoka mbio kwenye mvua.