Meza ya Mkunga

Palikuwa na fundi seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, kwa jinsi alivyopenda kulainisha mbao hata zilizokwisha kulainika. Alikuwa mgane wa miaka saba, akifanya kazi na bintiye wa pekee. Baba alikata na kuunganisha. Binti alipiga msasa na vanishi, na ndiye aliyezungumza na wateja, maana Randa maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

Binti alikuwa bingwa wa neno moja: "niwekee." Alisema wapo wanaolitamka wakimaanisha watarudi jioni. Wapo ambao macho yamependa lakini mfuko haujapenda. Na wengi wanaaga tu, ila wanaona haya kutoka bila neno la adabu. Kwa hiyo yeye hakumwekea mtu kitu zaidi ya siku tatu. Randa alimsikiliza, akacheka, akaendelea kupiga randa.

Jumamosi moja akapita mkunga mstaafu. Mama huyu alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, binti wa Randa akiwamo, na vijana wenye ndevu walimwamkia kwa heshima ya watu wanaojua kwamba amewaona wakiwa uchi. Alivutiwa na meza ya watu sita iliyopandishwa juu ya makabati. Randa akaishusha peke yake, akaibeba begani. Mkunga akasema jambo, msumeno wa karakana ya jirani ukanguruma, na Randa akaambulia neno moja tu: "niwekee." Alipoitua, mkunga aliinama akaipapasa miguu, akashukuru, akaenda zake.

Hajafika hata kwenye kona, Randa alikwisha kuandika kwa chaki ubavuni mwa meza: IMEWEKWA.

Siku tatu zikapita, zikawa wiki, zikawa miezi minne. Mwenye mgahawa aliitaka, akaambiwa ina mwenyewe. Mume na mke wenye watoto watano walikuja mara mbili, mara mbili wakarudi mikono mitupu. Binti alilalamika kwamba meza imekula nafasi ya vitanda viwili. Kila Jumamosi Randa aliipangusa vumbi, na binti akagundua kwamba Jumamosi baba yake huvaa shati lililopigwa pasi.

"Baba," akamwuliza, "hivi unaweka meza, au unamwekea mtu moyo?"

Randa akajifanya anatafuta penseli, nayo iko sikioni mwake.

Maneno hayana miguu lakini hufika. Mkunga alikuja kusikia sokoni kwamba ana meza kwa fundi. Hakuwa na habari nayo, akaenda kuuliza.

"Fundi, naambiwa umeniwekea meza."

"Si uliniambia nikuwekee?"

Mkunga akafikiri. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Nilisema niwekee chini. Ulikuwa umeibeba begani, na mimi nilitaka kuiona miguu yake."

Binti alijificha nyuma ya kabati akacheka mpaka mbavu zikamwuma. Randa alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkunga akataka kujua ni wangapi waliokataliwa kwa ajili yake. Alipotajiwa, kicheko kikamwisha. Alisema miaka yote ya kazi watu walimwahidi makubwa, na hakuna aliyewahi kumtunzia kitu bila kuombwa. Lakini chumba anachoishi peke yake ni kidogo. Meza ile ikiingia, yeye itabidi atoke.

"Basi nije nipime," Randa akasema.

Kesho yake meza kubwa ikaenda kwa wenye watoto watano. Randa naye akaenda kupima chumba, akarudi kukipima tena, kisha mara ya tatu, akidai futi yake haieleweki. Wiki mbili baadaye alifika na meza ndogo ya pembe nne na viti viwili, wakati mkunga aliagiza kimoja.

Mkunga akakivuta kimoja, akakikalia. Akakiangalia cha pili.

"Na hiki cha nani?"

"Changu, ukiniruhusu."

Mkunga alisogeza meza karibu na dirisha, akainuka kubandika chai, na alipomimina akajaza vikombe viwili. Kule karakana, binti alipiga vanishi peke yake mpaka jioni, akafunga mlango mwenyewe, akaenda nyumbani anaimba.