Kadi ya Lusungu

Mzee Isakwisa Mwakipesile wa Kawetele alikuwa mtu wa kuamka mapema hata siku ambayo hana pa kwenda, sembuse Ijumaa ile. Jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, yeye alikwisha kunyoa ndevu, amevaa koti la kanisani, amekunja suruali upande wa mguu uliokatika na kuifunga kwa pini, na mkongojo uko kwapani. Mkewe, Ikupa, aliacha kupuliza moto akamtazama kuanzia kofia mpaka kiatu.

"Baba Lugano, unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kuchukua kadi."

"Haya. Wasikuzungushe tu."

Kadi yenyewe ilikuwa ndiyo gumzo la wazee wa Tukuyu wiki nzima. Hifadhi ya msitu wa Lusungu, yenye ziwa lake dogo ndani ya shimo la volkano, ilitangaza kwamba wazee waliotimiza miaka sitini na watu wenye ulemavu wataandikishwa wapewe kadi maalumu. Mwenye kadi analipa nusu ya kiingilio, msindikizaji wake anaingia bure, na gari lake linaruhusiwa kupita lango la chini na kupanda mpaka ukingoni mwa ziwa. Wengine wote wanaacha gari langoni na kukwea kwa miguu saa nzima, penye matope na mizizi.

Hiyo nusu kiingilio Mzee Isakwisa hakuijali sana, ingawa asingeikataa. Alichotaka yeye ni lango la chini.

Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, alikuwa miongoni mwa vibarua waliochonga ile njia ya kukwea ziwani, kwa jembe na panga. Kila Jumamosi alishuka moja kwa moja hadi nyumbani kwa kina Ikupa, akamsimulia juu ya maji ya kijani kibichi yasiyoingiwa na mto wala kutoa mto, yanayogeuka buluu jua likipanda. Akaapa kwamba atampeleka ayaone. Basi wakaoana, wakazaa, kiwanda cha chai kikamwajiri, tela la trekta likampindukia, na mguu wa kulia ukabaki hospitali. Ahadi haikutimia.

Mwaka jana alijaribu. Alikodi gari, wakafika langoni, mlinzi akamwambia kwa adabu kabisa kwamba bila kibali gari halipiti. Ikupa, ambaye magoti yake nayo yamechoka, alichungulia kidogo kati ya miti, akasema, "Twende nyumbani, mume wangu, nimeshaona miti." Maneno hayo yalimuuma mzee kuliko lile tela. Aliyatafuna mwaka mzima.

Uandikishaji ulifanyika kwenye chumba cha kupanga Ibighi kwa siku tano tu, na mwisho ulikuwa Ijumaa hiyo saa kumi jioni. Atakayekosa asubiri mwakani, na mtu wa miaka sabini hapendi kusikia habari za mwakani.

Saa mbili asubuhi alikuwa wa tatu kwenye foleni. Mhudumu wa ofisi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya aitwaye Tupokigwe, alikusanya fomu na vitambulisho akaviingiza ndani, wazee wakakaa kwenye mabenchi ya barazani kungoja kuitwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Pembeni yake alikaa Jairo, mwenzake wa tangu enzi za kiwandani, aliyekuwa wa nane.

"Ugonile, Isakwisa!" alisalimia Jairo.

"Ndaga. Leo naona hata wewe umeoga."

Ndani ilisikika sauti ya mwanamke, changa na safi, ikiita majina. Wa kwanza akaingia. Wa pili akaingia. Mzee Isakwisa akajiweka sawa, akakohoa, akashika mkongojo. Akaitwa wa nne.

Alidhani amesikia vibaya. Akaitwa wa tano, wa sita, wa saba. Jairo naye akaitwa, akaingia, akatoka na kadi yake ya plastiki inayong'aa, akiipepea usoni kwa mwenzake kama mtoto aliyepewa pipi. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Watu waliofika wakati yeye amekwisha kusinzia na kuamka mara mbili waliingia na kutoka.

"Mama Tupokigwe, fomu yangu imeliwa na panya?"

Tupokigwe aliingia, akakaa kitambo, akatoka hamtazami usoni. "Subiri kidogo, mzee wangu. Afisa anapiga simu Mbeya."

"Mbeya kuna nini? Mguu wangu uko Mbeya?"

Tupokigwe akarudi ndani. Saa tisa benchi lilibaki na watu wawili tu, yeye na Jairo, aliyekataa kuondoka kwa sababu alitaka kuona mwisho wa kisa. Mzee Isakwisa alikuwa amekwisha kuchemka. Alijua mambo ya ofisini. Alijua watu wanavyomtazama mwenye mguu mmoja wakaamua moyoni kwamba huyu anaweza kungoja, maana ana haraka ya kwenda wapi? Alisimama, akaubamiza mlango kwa mkongojo, akaingia.

"Nimekaa hapa tangu saa mbili! Mimi si binadamu?"

Aliyekuwa ndani aliinua macho nusu, akatoa ukelele mdogo, akaruka kutoka kwenye kiti. Kufumba na kufumbua alikwisha kugeukia ukuta, amepiga magoti, amejivutia kitenge kichwani mpaka kikafunika sweta lake la kijani la kazini. Mzee Isakwisa alibaki anatazama mgongo.

"Mzee, toka!" Tupokigwe alipiga kelele nyuma yake. "Huyu ni mke wa Lugano!"

Lo! Mzee aligeuka haraka kuliko alivyogeuka siku yoyote tangu apoteze mguu, nusura aanguke, akaukumbatia ukuta wa upande wa pili. Ikawa baba mkwe huku, mkamwana kule, kila mmoja amempa mwenzake mgongo, na kamera ya serikali imesimama katikati kwenye miguu yake mitatu.

Asiyejua desturi za Wanyakyusa ataona ni mchezo. Si mchezo. Mke wa mtoto na baba mkwe wake hawatazamani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na mke hatamki jina la baba mkwe wake hata iweje. Akikutana naye njiani anajitupa kando na kujifunika mpaka apite. Siku hizi wengi wamelegeza, na mjini wapo waliokwisha kusahau kabisa. Mzee Isakwisa hakulegeza wala hakusahau, tena waliolegeza aliwasema hadharani. Ubatizo wa mjukuu wake mwenyewe, Neema, aliusikiliza akiwa nje ya dirisha la kanisa, mvua inamnyeshea, kwa kuwa mama wa mtoto alikuwa mbele. Alijua kwamba Asifiwe, mke wa Lugano, anafanya kazi za misitu Mbeya. Kwamba wiki ile wamemleta Ibighi, nani angemwambia, wakati hata kuulizia habari zake hakutaka?

Na Asifiwe, aliyelelewa na bibi yake huko Masoko kwa desturi hizo hizo, alikuwa ameikuta fomu ya tatu asubuhi, akaisoma. Aliite vipi jina lile? Akaiweka chini ya nyingine, akaita ya nne. Kutwa nzima alibembeleza kwenye simu aletewe afisa mwingine, na mwingine hakuwepo.

Jairo, ambaye sasa alikuwa ameingia kwa raha zake, akaona jambo ni jepesi. "Si Mama Tupokigwe ampige picha, huyo binti atie sahihi, mambo yaishe?"

Kitenge kikasogea. Sauti ikatoka chini yake, ndogo, ikielekezwa kwa Tupokigwe ingawa wote walisikia.

"Mama, waambie chini ya fomu imeandikwa, 'Mimi afisa nimemwona mwombaji kwa macho yangu na kumlinganisha na picha ya kitambulisho.' Nikitia sahihi bila kumwona, nimeandika uongo. Siwezi kuandika uongo. Na jina siwezi kulitaja. Waambie nimekosa la kufanya." Kisha akaanza kulia taratibu.

Mzee Isakwisa, pua iko karibu na rangi ya ukuta, alijua kwa mara ya kwanza katika miaka minane kwamba sauti ile iliyoita majina tangu asubuhi ni ya mkamwana wake. Juu yake palikuwa na saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano.

Hasira zote zilimtoka, ikaja aibu. Alikuwa anadhani anadharauliwa. Kumbe kutwa nzima mtu alikuwa anateseka kwa kumheshimu. Na mtu mwenyewe ni wa namna gani? Hakuna ambaye angejua. Sahihi moja tu, mzee angetoka na kadi, na yeye angepumua. Akakataa. Huyu ndiye niliyemkimbia, akawaza, nikalowa mvua ili nisimwone. Akamkumbuka Ikupa langoni, shingo ameinyoosha, anachungulia miti. Heshima hii ilikuwa inamla nani sasa? Ilikuwa inawala wanawake wawili waliomtendea mema, na yeye wa tatu.

Akavua kofia.

"Mama Neema."

Kitenge kilitulia.

"Desturi hii mimi nimeishika kwa mikono miwili, na hakuna aliyenilazimisha. Leo naiachia. Jairo ni shahidi, Mama Tupokigwe ni shahidi. Naketi hapa kwenye kiti cha picha. Na wewe inuka, mwanangu, unitazame vizuri."

"Baba... Baba, watu watasema."

"Watasema. Mimi nimewasema miaka mingi, acha nao wapate zamu."

Jairo alicheka, akajiziba mdomo. Mzee aliketi, akauegemeza mkongojo mezani, moyo unamdunda kuliko siku ya harusi yake. Alisikia magoti yakiinuka kutoka sakafuni, na kitenge kikishuka. Akainua macho.

Ardhi haikupasuka. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, macho mekundu kwa kulia, mwenye paji la uso pana lile lile alilokuwa akilibusu kila Neema anapokuja likizo. Kumbe lilitoka huku! Alikuwa amelisifia paji hilo miaka yote akidhani ni la ukoo wa Mwakipesile. Wakatazamana, afisa na mwombaji, baba na mtoto, na wa kwanza kutabasamu akawa Asifiwe.

Akajifuta uso, akaketi, akaichukua fomu iliyokaa chini ya zote tangu asubuhi. Midomo ikacheza bila sauti. Akajaribu tena.

"Isakwisa."

Tupokigwe alishika kifua.

"Isakwisa Anyitike Mwakipesile," akasoma Asifiwe, safari hii kwa sauti ile ile ya kuitia wengine, iliyofika mpaka barazani.

"Ndiye mimi!" akajibu mzee kwa nguvu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, na Tupokigwe akapiga vigelegele vilivyowatoa watu kwenye duka la jirani.

Picha ilisumbua, maana mashine haitaki mtu anayecheka, na mzee alishindwa kuufunga mdomo. "Baba, tulia kidogo," aliambiwa, na kila akiitwa baba alizidi. Mara ya nne ikakubali. Alama za vidole, zilizolika kwa panga na chai, zilikubali mara ya sita. Asifiwe alitia sahihi yake chini ya yale maneno, taratibu, herufi kwa herufi. Kadi ilitoka mashineni ikiwa bado ina joto, saa kumi kasoro dakika tano.

"Ndaga fijo, mwanangu," alishukuru mzee. Akatoka barazani akiwa amebeba kadi mkononi badala ya mfukoni, akawapita wale wa dukani mmoja mmoja ili kila mtu aione.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Lugano alileta Noah ya kukodi. Mzee alikaa mbele. Nyuma walikaa Ikupa, Neema na Asifiwe, na Kawetele nzima ilitoka kuwatazama walivyopakiwa gari moja. Watu walisema, kama ilivyotarajiwa. Mzee aliteremsha kioo apate kusikia vizuri, akawapungia mkono.

Langoni mlinzi alikuwa yule yule wa mwaka jana. Alipokea kadi, akaigeuza, akamtazama mwenye kadi, kisha akalifungua lango la chini lote, pande zote mbili. Gari likapanda polepole katikati ya miti, likasimama kwenye nyasi, hatua ishirini tu kutoka ukingoni. Mzee Isakwisa alizipiga hatua hizo kwa mkongojo wake, Ikupa ameshika mkono wa koti, na ukungu ulikuwa umeinuka.

Ikupa alitazama chini kwenye maji. Alitazama muda mrefu mpaka mumewe akaingiwa na wasiwasi.

"Mama Lugano, vipi? Hujapenda?"

"Kumbe ni kijani kweli," alisema Ikupa.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Dada zangu wakasema hakuna maji ya namna hiyo duniani, kijana huyo anakudanganya ili umkubali. Nami niliona ni uongo, Baba Lugano. Miaka arobaini na minane najua ni uongo." Machozi yalikuwa yanamtiririka na anacheka. "Nikasema, basi acha anidanganye, maana hakuna mwingine aliyejisumbua hivyo kwa ajili yangu."

Mzee Isakwisa alicheka mpaka mkongojo ukamponyoka, ikabidi ashikwe asianguke, upande mmoja na mkewe, upande wa pili na mke wa mwanawe.