Chuma Kisichosogea

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa pahali, na hata leo nikiketi kula donge la kenkey, nusu yake huwa imeshapita kooni kabla sijakaa sawasawa. Katika gereji za mtaa wetu wa Suame tabia hiyo haikuwa na ubaya. Dwamena ana mkono mwepesi, watu walisema, mpeni Dwamena, mtaondoka na gari leo leo. Nikavimba kichwa. Nilikivimbisha miaka tisa, mpaka siku ambayo mkono huo mwepesi ulimkata kidole Asiamah, mwenzangu wa kazi.

Giaboksi ya basi dogo ina kilo arobaini na kitu. Jeki ya kuiinulia kwa Masta Brempong, mwenye gereji yetu, ilikufa zamani, na Masta hajaona sababu ya kuifufua, maana watu wawili wanatosha. Mmoja analala chali juu ya kipande cha boksi chini ya gari, giaboksi iko kifuani pake. Anaisukuma juu mpaka ikutane na injini, kisha anaishikilia hapo hapo, mikono imenyooka, bila kucheza. Wa pili analala kichwa kwa kichwa naye, anatafuta matundu kwa ncha ya kidole na kutia boliti ya kwanza. Boliti ikishika hesi, anasema, "Imeuma." Kabla ya neno hilo, anayeshikilia haruhusiwi hata kupiga chafya. Kwetu fundi mpya hufundishwa hilo kabla hajajua namba za spana.

Siku ile Asiamah alikuwa hajasema. Niliiona boliti ikizunguka, nikajiambia mwenyewe imeuma, nikautoa mkono wa kulia kuitafuta spana namba kumi na saba ili tumalize upesi. Giaboksi ikainama upande mmoja. Kidole chake cha kati kilikuwa bado kwenye tundu.

Masta alipouliza nilisema mikono iliniishia nguvu. Nilisema homa ya wiki iliyotangulia ilikuwa imenimaliza. Homa ni kweli niliugua, lakini ilikuwa imeshapoa, na jana yake nilikuwa nimemaliza bakuli mbili za fufu na kulamba mchuzi. Watu wakanionea huruma. Wake wa majirani wakaniletea supu. Supu ile niliinywa yote, na sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikiwa na kijiko mdomoni.

Asiamah alirudi baada ya wiki saba, mkono wa kulia una vidole vinne. Alizunguka gereji nzima akisalimia, kila mmoja akimpa mkono. Alipofika kwangu alinigeuzia kiganja chini, akanipa kifundo cha mkono. Sisi mafundi hupeana vifundo tukiwa na grisi mikononi, ili tusichafuane. Mkono wa Asiamah siku hiyo ulikuwa msafi, bado unanuka sabuni ya hospitali.

Masta akatuita wote wawili. Ni mtu mfupi, mzito, anayependa kukaa juu ya tairi la lori na kuhukumu.

"Hapa hakuna kazi ya mtu mmoja," alisema. "Asiamah akikubali kulala nawe chini ya gari, unabaki. Asipokubali, Dwamena, Suame ni kubwa, katafute kwingine. Mimi simlazimishi mtu kuviweka vidole vilivyobaki mikononi mwako."

Nikamtazama Asiamah. Ananizidi miaka sita, ndiye aliyenifundisha kazi, na mwanangu wa kwanza amepewa jina lake.

"Kaka," nikasema.

"Mikono yako ikipona nitaona," akajibu. Alinikazia macho alipokuwa akiisema, na neno "mikono" alilitamka taratibu sana.

Basi nikaanza kuiponya mikono isiyoumwa.

Nyuma ya gereji kuna lori lililokufa, limebaki fremu tu, limezama kwenye udongo uliolowa mafuta. Nilipanga kulala katikati ya fremu, nichukue bomba la propela nililishike juu ya kifua, na bomba hilo nilifunge kwa mnyororo kila upande mpaka kwenye chuma cha fremu. Nisukume juu. Bomba lisiende popote. Nilikuwa nimesikia kwamba wanyanyuaji hujenga nguvu hivyo, kwa kushindana na kitu kisichosogea. Nilitaka pia namba, maana Masta haamini kitu kisicho na namba. Nikaenda kwa Hajia Sakina anayenunua vyuma chakavu, kumwomba mizani yake moja ya kuning'iniza.

"Mizani yangu unaitakia nini? Umeacha ufundi, unauza nyama?"

"Naifunga kwenye mnyororo, Hajia. Nasukuma bomba, inaniambia nina nguvu kilo ngapi."

"Mwanamume mzima hajui nguvu zake mpaka aambiwe na mizani." Akawageukia wapakiaji wake. "Mnamsikia huyu? Na mkewe naye atakuwa na mizani yake."

Wakacheka. Nilivumilia, kwa sababu mizani ilikuwa imeshaning'inia mkononi mwangu.

"Chukua," akasema. "Lakini ukiilegeza springi yake nitakupima wewe, nikuuze pamoja na maradieta."

Nilichomelea kutwa nzima. Nilitoboa fremu, nikatia pingu za chuma, nikapima mnyororo urefu wa mkono wangu ukiwa umekunjwa kidogo. Mizani niliifunga upande wa kulia tu, hivyo kila ilichosema nilikizidisha mara mbili. Kisha nikalala, nikashika bomba, nikasukuma.

Hakuna kilichotokea. Nilisukuma mpaka shingo ikasimama mishipa na hakuna kilichotokea, na nilihisi natukanwa. Mimi nimezoea kufungua kitu kikafunguka. Nikavumilia kuhesabu mpaka kumi na mbili, nikainuka, nikanywa maji bila kiu, nikaenda kuwagombeza wapiga rangi wa jirani kuhusu redio yao. Niliporudi nilikuwa na dawa: springi mbili za shokomzoba za pikipiki. Nikazikata, nikazichomelea katikati ya minyororo. Sasa bomba likawa linapanda na kushuka. Nikajisikia fundi.

Asiamah alipita akielekea chooni. Akasimama. Alinitazama nikisukuma mara nne au tano.

"Umejitengenezea bembea," akasema, akaenda zake.

Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia kwa hiari yake tangu arudi. Nililala nikiwa nimeshika bomba, uso unawaka. Halafu nikachukua msumeno nikazikata springi zote mbili na kurudisha mnyororo mtupu. Kesho yake asubuhi nikakuta kifuniko cha kopo la maziwa kimefungwa juu ya bomba kwa waya, na ndani yake gololi tatu za beringi. Sikuuliza ni nani. Wengine hufunga waya kwa kusokota kuelekea kulia, Asiamah husokota kuelekea kushoto.

Gololi zile zilinitesa. Bomba lilikuwa halisogei, lakini mimi nilikuwa nasogea. Nikivuta pumzi, zinagonga. Nikiwaza nimefika hesabu ya ngapi, zinagonga. Mwenye duka la vioo akimwita mtu barabarani, nami nikataka tu kujua ni nani, zinagonga. Mizani ilipanda siku kwa siku. Wiki ya pili ilisema arobaini na mbili, nikaenda kumwambia Masta themanini na nne.

Masta aliacha tairi lake akaja kutazama. Akawaita na wapiga rangi. "Mnaona? Homa imeisha. Hii ni mikono ya bondia." Wapiga rangi wakaanza kunihesabia kwa sauti kama wako uwanjani, nami nikazidi kusukuma, na mizani ikapanda mpaka arobaini na sita.

Asiamah alisimama nyuma yao. Hakuitazama mizani hata mara moja. Aliinamisha kichwa upande, anasikiliza.

"Zinaimba," akasema, akageuka.

Nilimchukia siku hiyo, niseme kweli. Nilijiambia mtu huyu anataka nini, mikono si hii hapa, imepona, kila mtu ameiona. Nilitembea Suame nzima nikipiga teke vibati. Kisha miguu ikachoka kabla ya kichwa, nikarudi na kulala tena ndani ya fremu kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda na hasira zile.

Nilisukuma bila kuhesabu. Hapakuwa na mtu wa kunihesabia. Unaposukuma kitu kisichosogea, na huna namba ya kusubiri, hubaki na kazi yoyote ila kuwepo hapo, na mimi maisha yangu yote nilikuwa nikikwepa kuwepo hapo. Nikakiona kidole. Nikauona mkono wangu wa kulia ukiachia, mwepesi, wenye afya, umejaa fufu. Machozi yakanitoka yakaingia masikioni, na sikuweza kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Ilipita dakika nzima au zaidi ndipo nikagundua kwamba gololi zimenyamaza.

Baada ya hapo zilinyamaza mara nyingi. Si kila siku. Mizani niliacha kuitazama, nikamrudishia Hajia, naye akaikagua springi kwa muda mrefu kabla ya kunipa ruhusa ya kuondoka.

Ijumaa moja likaja basi kutoka Techiman, klachi imeungua. Mwenyewe alikuwa na msiba wa mjomba wake Jumamosi, ndugu wote wa ukoo walipaswa kupanda basi hilo hilo, na alikuwa anazunguka gereji ameshika kichwa. Masta alimtazama Asiamah. Asiamah alimaliza kula mhogo wake, akafuta mdomo, akaenda kuchukua vipande viwili vya boksi na kuviweka chini ya basi, kichwa kwa kichwa.

Tukaingia. Klachi mpya ilikuwa imeshakaa. Niliiviringisha giaboksi kifuani, nikaisukuma juu, shafti ikaingia, chuma kikakutana na chuma. Nikanyoosha mikono. Kwa jicho la pembeni niliuona mkono wa Asiamah ukipanda kutafuta tundu. Sasa anatafuta kwa kidole cha shahada.

Boliti ikaingia. Niliisikia ikizunguka. Ikazunguka tena. Nikasubiri neno, na neno halikuja.

"Dwamena," akasema, uso wake kinyume cha wangu, karibu kiasi kwamba nilinusa mhogo. "Siku ile mkono wako wa kulia ulikwenda wapi?"

Miguu ya Masta ilikuwa pale pale kando ya gurudumu. Niliviona viatu vyake. Mwenye basi alikuwa naye. Kilo arobaini na kitu juu yangu, na vidole vya Asiamah kati ya vyuma viwili, na mtu yule alikuwa ameviingiza mwenyewe kabla ya kuuliza.

Zamani ningesema chochote ili yaishe. Mdomo wangu nao ni mwepesi. Jasho likaingia jichoni, sikupepesa.

"Ulikwenda kuchukua spana," nikasema. "Namba kumi na saba."

"Nilikuwa nimesema imeuma?"

"Hukusema."

"Homa je?"

"Homa ilikuwa imepona, Kaka. Mikono haikuwa na kitu. Nilikuachia."

Viatu vya Masta vilisogea hatua moja, vikasimama. Mwenye basi akauliza kuna nini huko chini, akaambiwa anyamaze. Mabega yakaanza kuniwaka moto, lakini mikono ilikaa. Nilisikia pumzi ya Asiamah ikitoka kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo ngazi moja baada ya nyingine. Sikujua atafanya nini. Angeweza kuutoa mkono wake akaondoka, akaniacha na ile giaboksi, na ingekuwa haki yake.

"Imeuma," akasema.

Sikuachia. Alitia boliti ya pili, akasema tena. Ya tatu, akasema tena. Ya nne ndipo aliponigusa kwenye paji la uso kwa mgongo wa mkono, kunionyesha kwamba naweza kushusha.

Tulipotoka nje Masta alikuwa amekaa juu ya tairi lake. Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. "Wiki mbili huna giaboksi," akasema. "Utaosha vyuma kwa petroli pamoja na wanafunzi, na supu za watu utazilipa kwa kuwaeleza ulichotueleza sisi."

"Ndiyo, Masta."

"Baada ya hapo muulize mwenzako."

Asiamah alikuwa kwenye beseni anajisugua kwa sabuni ya unga na mchanga, bila haraka, mpaka kwenye kucha. Akajifuta kwa kitambaa. Nami nilikuwa na grisi mpaka viwikoni, nikamnyooshea kifundo, kama desturi. Akakipita. Akakishika kiganja changu chote pamoja na grisi yake, akakibana, kisha tukavuta mikono kuachana kwa ule mlio wa vidole unaofunga salamu yetu, ambao kila mmoja huutoa kwa kukifyatua kidole cha kati cha mwenzake, kidole gumba changu kikakitafuta kidole chake cha kati.

Hakikuwepo. Mikono ikaachana kimya.

Nikasimama na mkono wangu hewani. Nilitaka kukimbia, miguu yote ilitaka.

"Tulia," Asiamah akasema. "Kuna cha pete. Lete tena."