Chakula cha Wenyewe

Saa mbili kamili asubuhi, ambapo kule Daegu, Korea, ni saa sita ya usiku, Noh Hye-won aliufungua mlango wa nyumba yake, ghorofa ya tatu, katika mtaa wa Wakorea wa Los Angeles, akauacha wazi. Mezani, kichwa cha samaki kilielekea mashariki, na kijiko kilisimama wima katikati ya bakuli la wali. Miaka yote tambiko hili la kuwalisha wahenga liliongozwa na baba yake, naye Hye-won alibaki jikoni. Baba alifariki mwezi Machi, bila mtoto wa kiume. Hye-won aliomba ruhusa ya nusu siku kazini, akapika.

Babu yake, aliyefariki miaka arobaini iliyopita, alipanda kwa ngazi kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Alivua viatu, akaketi, akala. Hye-won alisujudu mara mbili, kama ipasavyo, akangoja aitwe mjukuu.

"Supu imezidi chumvi," alisema babu. "Wenyewe wako wapi?"

"Ni mimi, Babu. Binti wa Gi-tae."

Babu alichomoa kitabu cha ukoo kwapani, akalowesha kidole, akafunua. Chini ya jina la Gi-tae palikuwa peupe. Katika kitabu kile mabinti hawakuandikwa.

"Gi-tae hakuzaa. Na Kikorea chako ni cha mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Wamekutoa wapi?"

"Nilizaliwa hapa hapa."

Jirani yake, Marlene, alipita na kapu la nguo chafu, akamwinamia marehemu kichwa.

"Karibu, mzee! Shoga, miaka tisa sijakuuliza: kwenu hasa ni wapi?"

"Hapa, Marlene."

"Haya, ficha tu!" Marlene akacheka, akateremka kwenda kufua.

Kwa desturi, kinachobakizwa na wahenga huliwa na wazao wao, nao hupata baraka. Babu alibakiza nusu ya samaki na wali wa kutosha, akavaa viatu.

"Binti, usiguse kitu mpaka wenyewe wafike. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

"Sema Mzee."

"Nimesikia, Mzee."

Hye-won alivifunika vyakula kwa kitambaa cheupe, akaketi kando ya meza, akiutazama mlango. Saa sita mchana alipiga simu kazini, akaomba ruhusa ya siku nzima.