Kampuni Haijabatizwa

Mwaka wa sabini na tatu hakuna duka lililofunguliwa kati ya Suneka na Nyamira bila Manasseh Angwenyi kulitangaza. Mwenye mablanketi, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mwalimu mkuu aliyetaka watu wafike kwenye harambee ya madarasa, wote walimwendea na ombi moja: "Manasseh, tupigie mdomo." Naye alipanda juu ya kreti za soda katikati ya soko, kipaza sauti cha betri kikiwa begani, na sauti yake ilivuka bonde mpaka kwenye mashamba ya ng'ambo. Akina mama waliokuwa wakipalilia walisimamisha majembe na kuulizana ni nini kimefika.

Lakini maneno hayo ya kupiga mdomo yalimchoma. Alikuwa amesoma masomo ya jioni mjini Kisii kwa miaka minne, akitoka kazini na kuingia darasani bila kula, akapata cheti chake. Baada ya cheti aliagiza kwa posta kitabu cha mambo ya biashara. Kitabu hicho kilisema kwamba mtu anayejiuza yeye mwenyewe atabaki kibarua hata akisifiwa namna gani, na kwamba mwenye akili huuza kampuni. Manasseh aliipigia sentensi hiyo mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amekodi chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, amesajili jina, na amechapisha karatasi za barua zenye kichwa cha rangi ya bluu: Gusii Matangazo na Washirika.

"Washirika ndio akina nani?" mkewe, Jemimah, alimwuliza siku alipoiona karatasi ya kwanza.

"Ni namna ya kuandika tu."

"Na hapa umeandika 'sisi tunakushukuru.' Sisi nani, Baba Nyanchera? Mimi sijamshukuru mtu."

"Kampuni husema sisi. Mtu akiandika mimi, mimi, mteja anamwona ana njaa."

"Basi sisi hatuna kuni," Jemimah alisema na kumrudishia karatasi. "Sisi iende ikapasue."

Mtu aliyefurahia sana jina hilo jipya alikuwa Zachariah Nyamongo. Huyu alifanya kazi ileile, katika masoko yaleyale, na siku ya Sabato alikaa katika kanisa lilelile, benchi la tatu upande wa wanaume. Kipaza sauti chake alikiandika kwa rangi nyeupe: NYAMONGO MWENYEWE. Aliyemtaka Nyamongo alimpata Nyamongo. Akiwa na homa, tangazo lilingoja homa iishe. Kila alipokutana na Manasseh barabarani, alivua kofia na kuinama mno.

"Hamjambo, hamjambo! Na washirika wako wazima? Yule mnene amepona mguu?"

Manasseh aliendelea na safari yake. Hawa wawili hawakuwa wamesalimiana kwa moyo mweupe tangu mwaka wa sitini na sita. Mwaka uliofuata palikuwa na jambo lililozidisha chuki yao, nalo lilikuwa makambi. Mwezi wa Agosti waumini wa milima yote ile wangekusanyika kwa juma zima chini ya mahema, na mhubiri mgeni kutoka Tanzania angehubiri kwa Kiswahili. Alihitajika mtu wa kusimama kando yake na kuyageuza maneno hayo kwa Ekegusii, sentensi baada ya sentensi, mbele ya maelfu ya watu. Kazi hiyo haikuwa na malipo, na ndiyo sababu haikuwa na bei. Manasseh aliingoja kwa miaka tisa. Mwezi wa Aprili baraza la kanisa lilimchagua yeye. Nyamongo alikuwa wa pili, nyuma yake kwa kura mbili tu.

Mwezi wa Mei alikuja Alfayo Machogu, wakala wa kampuni ya sabuni, mwenye gari dogo lililofungwa spika mbili juu ya paa. Alitaka sauti ya Manasseh irekodiwe kwenye kanda, kisha gari lizunguke nayo sokoni kwa miezi sita. Walikaa katika kile chumba cha nyuma, cherehani ya fundi ikinguruma upande wa pili wa ukuta.

"Nakuandikia karatasi wewe, Manasseh," Machogu alisema akitoa kalamu.

"Usiniandikie mimi. Iandikie kampuni."

"Nilitaka kukusaidia, ndugu yangu. Nikikuandikia wewe, nitaandika na siku zako. Najua wewe ni mtu wa Sabato. Sasa kampuni nayo ina siku ya kupumzika?"

Hapo Manasseh angeweza kusema ndiyo, na kisa hiki kisingekuwapo. Lakini alimwona yule wakala akitabasamu, tabasamu la mtu anayemwonea kibarua huruma, na kile kitabu cha posta kilikuwa mezani mbele yao. Akajinyoosha kitini.

"Kampuni haijabatizwa, bwana. Ichezwe siku yoyote."

Wakacheka wote wawili. Machogu aliandika maneno hayo, siku yoyote, na Manasseh akatia sahihi kwa niaba ya washirika. Moyoni alijiambia kwamba Jumamosi gari lingekuwa mbali, huko Nyacheki au Itumbe, ambako hakuna anayemjua.

Sabato ya pili ya Julai, Manasseh alisimama mbele ya kanisa akisoma matangazo ya makambi: akina mama wa Suneka walete sufuria kubwa, vijana wafike Jumapili kuchimba vyoo. Madirisha yalikuwa wazi. Barabarani, chini ya kilima, mlio wa gari ulisikika ukipanda polepole.

"Vijana waje na majembe," alisoma Manasseh.

"Mama! Mama yangu!" sauti ya Manasseh ilijibu kutoka barabarani. "Unasugua mpaka lini? Njoo leo! Leo, mama, si kesho!"

Watoto wa shule ya Sabato waligeuka wote pamoja, wakamtazama yeye, wakatazama dirisha, wakamtazama yeye tena. Mmoja alipiga kicheko, akafinywa. Manasseh alifungua kinywa aendelee kusoma, na kila neno alilolitoa lilipambana na neno lake jingine la nje.

"Na kila familia ilete..."

"Povu jeupe! Povu kama mawingu!"

Gari lilichukua muda mrefu kumaliza kile kilima. Manasseh aliikunja karatasi yake na kukaa chini kabla hajaimaliza. Kwenye benchi la tatu Nyamongo hakucheka. Alitazama saa yake, akatoa kijidaftari mfukoni, akaandika.

Jumatatu asubuhi Manasseh alimkuta Machogu mjini, mbele ya nyumba ya wageni alikokuwa amelala, akipangusa vumbi kwenye spika.

"Ile kanda isichezwe tena Jumamosi," alimwambia bila hata salamu.

"Karatasi inasema siku yoyote."

"Mimi mwenyewe nakuambia, mimi Manasseh."

"Manasseh yupi?" Machogu hakuinua kichwa. "Mimi sina karatasi ya Manasseh. Nina karatasi ya kampuni. Niletee barua ya kampuni, yenye sahihi za washirika wote, nami nitaipeleka kwa wakubwa wangu."

"Unajua vizuri kwamba hakuna washirika."

"Sijui. Ulichoandika ndicho ninachojua. Au niwaandikie wakubwa kwamba mzee mmoja wa Kisii alitudanganya kwa karatasi ya bluu?"

"Wewe ni nyoka, Alfayo."

"Mimi ni wakala. Wewe ndiye uliyetaka kushughulika na wakubwa kama mkubwa. Sasa umeshughulikiwa. Sogea, unaniziba mwanga."

Jumatano saa kumi alasiri baraza la kanisa lilikutana, kwa mashtaka ya Zachariah Nyamongo kwamba ndugu Manasseh alifanya biashara siku ya Sabato. Watu saba walikaa kwenye viti vilivyopangwa kando ya mimbari. Mzee wa kanisa alikuwa Josiah Onsongo, mkulima wa chai mwenye mashavu yaliyoingia ndani. Karani alikuwa mwalimu Persis Mong'ina, na daftari kubwa lilikuwa magotini pake.

Onsongo hakupenda mashtaka yale. Makambi yalikuwa yamebaki majuma matatu, na kila mtu alijua jinsi Nyamongo anavyotafsiri: mhubiri husema kwa dakika tano, naye humaliza kwa maneno manne na kumngoja. Onsongo alitaka Manasseh apone, na aliyauliza maswali yake kama mtu anayemshika kipofu mkono ili avuke daraja.

"Ndugu Manasseh. Kanda ile ni mali ya nani?"

"Ni ya kampuni ya sabuni, mzee."

"Nani aliyewauzia?"

"Gusii Matangazo na Washirika."

"Na wewe mwenyewe, saa hiyo, mwili wako ulikuwa wapi?"

"Hapa mbele yenu. Nilikuwa nikisoma matangazo. Mlinisikia."

"Tulikusikia mara mbili," alisema mzee mmoja kutoka nyuma, na wengine wakakohoa kuficha kicheko.

Onsongo aliinua mkono. "Basi mimi naona hivi. Kampuni si muumini wa kanisa hili. Hatuwezi kuikaripia. Ndugu Manasseh tumwonye aangalie anaandikiana na nani, tuombe, twende nyumbani. Mwalimu Persis, andika kwamba sauti ile ilikuwa ya kampuni. Kuna mwenye neno?"

Nyamongo alisimama. Alikishika kijidaftari chake, lakini hakukifungua.

"Mimi nina neno, mzee, na litakufurahisha. Nilikuja hapa kumshtaki mtu huyu. Lakini nimewasikiliza, nami nimebadili mawazo. Nakubali kabisa. Sauti ile haikuwa ya Manasseh."

Onsongo alimtazama kwa shaka. "Vizuri. Kaa."

"Nimalizie, mzee. Mimi na Manasseh hatupendani, na sitawadanganya hapa kanisani kwamba tunapendana. Lakini nimemsikia kwa miaka kumi, na kazi yake naijua. Sauti ile ya garini ilikuwa inakwaruza. Iliposema povu, ilikuwa kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Tena ilivuta pumzi katikati ya sentensi! Manasseh ninayemjua mimi havuti pumzi katikati ya sentensi."

Manasseh alikuwa ameweka mikono magotini. Vidole vilianza kushika kitambaa cha suruali.

"Nyamaza tu," Onsongo alimnong'oneza. "Anakusaidia."

"Kwa hiyo ni mmoja wa washirika," Nyamongo aliendelea kwa upole mkubwa. "Mtu wa umri, nadhani. Sauti imechoka. Sauti ya mtu aliyewahi kuwa mzuri kidogo, zamani, kabla ya..."

"Imechoka?"

"Manasseh," alisema Onsongo.

"Sauti gani imechoka?" Manasseh alikuwa tayari amesimama, na kiti kilianguka nyuma yake. "Wewe unayemeza nusu ya kila neno unanifundisha pumzi? Kanda ile niliisoma mara moja! Mara moja, bila kurudia! Fundi wa mitambo mwenyewe alivua vile vitu vya masikioni akaniuliza nilisomea wapi. Nitajie mtu mmoja Gusii nzima anayeweza kusema lile neno povu namna ile, likasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mmoja tu! Ni mimi! Mimi, Manasseh Angwenyi, na si mshirika wa mtu yeyote!"

Nyamongo alikaa chini polepole, akaweka mguu juu ya mguu. Onsongo alifumba macho, na kwa muda mrefu hakuyafumbua.

Mwalimu Persis alikuwa ameinua kalamu. "Samahani, wazee," alisema. "Nimekwisha kuandika kampuni. Niache hivyo, au nifute niandike jina la mtu?"

Hata hapo bado palikuwa na mlango. Manasseh aliuona. Angeweza kusema kwamba hasira ilimshinda, kwamba hakumaanisha. Onsongo alifumbua macho na kumwangalia, karibu kumsihi. Manasseh aliiokota kofia yake iliyoanguka pamoja na kiti, akaipangusa kwa kiwiko.

"Futa. Andika jina langu lote."

Akasimama kumwangalia mwalimu mpaka alipomaliza kufuta na kuandika.

Uamuzi haukuchukua muda. Miezi sita asishike kazi yoyote ya kanisa. Kutafsiri makambi kulimwendea aliyekuwa wa pili kwa kura, na Onsongo alilitaja jina la Nyamongo kama mtu anayetaja ugonjwa.

Nje, kwenye nyasi, Manasseh alikuwa amefika langoni aliposikia hatua za haraka nyuma yake. Nyamongo alimfikia akihema. Uso wake haukuwa na ushindi aliokuwa nao ndani.

"Manasseh. Ngoja kidogo. Yule mhubiri wa Tanzania wanasema ni mwepesi sana. Hangoji mtu."

"Ndivyo wanavyosema."

"Na somo lake kuu ni utakaso. Siku tatu nzima." Alishusha sauti. "Sasa hilo neno, utakaso, kwa Ekegusii tunaliwekaje, lisije likasikika kama kuoga?"

Manasseh alilijua. Alikuwa amelitafuta tangu Aprili, akawauliza wazee wa Nyamira wanaokumbuka maneno ya zamani, na akalipata, fupi na safi, neno ambalo hata watoto wangelielewa. Alimtazama Nyamongo, akatazama viatu vyake vilivyokuwa vimeanza kuloa kwa umande wa jioni.

"Utakuwa na watu elfu tano mbele yako," alimwambia. "Waulize wao."

Akafungua lango, akapita, akalifunga nyuma yake, na kumwacha Nyamongo upande wa ndani.